Nani Achukue Chekeamwezi?

Kaeni vizuri, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana hadithi hii mimi nitaianza lakini sitaimaliza. Mtaimalizia ninyi.

Walikuwepo watu watatu waliosafiri katika chombo kimoja, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Saumu, mwalimu wa shule ya msingi. Kipaji chake kilikuwa macho. Akiitazama bahari alijua chini yake kuna nini: penye mchanga alipaona kwa rangi yake, penye majani kwa rangi yake, penye mwamba kwa rangi yake, na penye kina kirefu aliiona ile buluu iliyokolea mapema sana, wenzake bado wakiona maji tu.

Wa pili ni Mbwana, fundi wa mashine za boti. Kipaji chake kilikuwa vidole na pumzi. Mashine aliifungua na kuifunga huku amefumba macho, akisema kwamba macho humchanganya. Akizama majini alikaa huko mpaka watu waliobaki juu waanze kutazamana.

Wa tatu ni Dastani, mpishi wa bweni la shule moja ya Muheza. Kipaji chake kilikuwa kipimo. Hakuwahi kutumia kikombe wala mizani. Chumvi ya sufuria la watoto mia au ya sahani moja, mkono wake ulijua wapi pa kukomea. Hata ukimpa kamba avute, alivuta panapotosha na kuachia panapotosha, bila kufikiri.

Chombo chenyewe kiliitwa Chekeamwezi, jina la ndege mdogo anayekimbiakimbia ukingoni mwa maji. Kilikuwa yoti, chombo cheupe cha matanga, kidogo kiasi kwamba mtu akikoroga chai nyuma, aliyelala mbele alisikia kijiko. Mwenyewe alikuwa Bi Mwanakombo wa Tanga, mama aliyefanya kazi miaka mingi bandarini akiendesha boti za kuvuta meli. Yeye na mumewe Hemedi walikikuta chombo hicho kimetelekezwa, wakakikarabati likizo baada ya likizo, kisha wakawa wanazunguka nacho mwambao mzima, wakishuka kusini kaskazi inapovuma na kurudi kusi inaposhika.

Hawakujaliwa watoto. Saumu alikuwa binti wa kaka yake Bi Mwanakombo. Mbwana alikuwa mtoto wa mdogo wake Hemedi, na utoto wake wote ulipita humo chomboni akipiga msasa na kushikilia taa. Dastani hakuwa ndugu wa mtu. Alipanda Chekeamwezi mara ya kwanza kumletea Hemedi uji alipokuwa mgonjwa na hataki kulala nyumbani. Hemedi alipofariki, Dastani aliendelea kuja.

Sasa Bi Mwanakombo alianza kupoteza macho. Kwanza aligonga vikombe mezani, kisha akaanza kugonga watu. Daktari alimwambia ni presha ya macho, na kwamba sehemu iliyokwisha kupotea hairudi. Aliona kama mtu anayechungulia kwenye bomba: cha mbele yake alikiona vizuri, cha pembeni hakikuwepo kabisa. Hakumlilia mtu. Alirudi nyumbani, akawaita wale watatu waje kunywa chai chomboni, akawaambia wafungashe.

"Tunakwenda Mikindani," alisema. "Ni safari yangu ya mwisho kushika usukani. Tukifika, chombo hiki nitampa mmoja wenu. Na nimesema mmoja."

Mbwana aliuliza kama wasingeweza kukimiliki wote watatu. Bi Mwanakombo akamkumbusha mashua moja iliyoachiwa ndugu watatu kule Pangani. Kila ndugu alimngoja mwenzake anunue rangi, kila mmoja alimngoja mwenzake ainyanyue maji yasiiozeshe, mpaka kaa wakahamia ndani, na ndugu wenyewe mpaka leo hawazikani. Hakutaka Chekeamwezi kiishie hivyo, wala hakutaka wao waishie hivyo.

Wakang'oa nanga.

Mwanzoni ilikuwa safari ya adabu kupita kiasi. Kila mtu alijua anatazamwa, basi vyombo viligombaniwa kuoshwa. Saumu alikunja matanga yaliyokwisha kukunjwa. Mbwana alipaka mashine mafuta mpaka ikayatema. Dastani, ambaye hakujua vizuri kamba gani inavuta nini, alizunguka akiuliza jina la kila kitu na kulisahau. Bi Mwanakombo alikaa nyuma na usukani wake, kofia imeshuka usoni, akicheka ndani kwa ndani.

Lakini chombo kidogo hakimwachi mtu akaigiza muda mrefu. Walipopita Bagamoyo kila mmoja alikuwa amerudi kuwa mwenyewe. Shuka zilikuwa na chumvi na hazikauki. Choo kilikuwa cha kupampu kwa mkono, na aliyesahau kupampu alitajwa kwa jina mbele ya wote. Asubuhi walikunywa chai ya tangawizi huku miguu imening'inia nje, wakanunua pweza au changu kwa wavuvi waliopita karibu, na mchana wakasafiri chini ya turubai, mmoja usukanini, mwingine macho mbele, wa tatu amelala na kitabu usoni. Alasiri wakitafuta ghuba tulivu ya kutia nanga, Saumu alisimama mbele akinyoosha mkono kushoto na kulia, na chombo kikafuata mkono wake mpaka kwenye mchanga.

Ugomvi ulikuwa mmoja, nao ni wa maji ya kunywa. Mbwana alisuuzia spana zake maji baridi ya tangi ili zisishike kutu. Saumu alisuuzia nywele zake. Dastani alifunga bomba, akawa anagawa maji kwa kikombe kama bwenini. Saumu alimwambia yeye si mwanafunzi wake. Dastani akajibu kwamba wanafunzi wake huwa wanaelewa haraka zaidi. Siku mbili wakasemeshana kupitia kwa Bi Mwanakombo, "Shangazi, mwambie mtu huyu," na "Mama, mwambie mwalimu," mpaka naye akachoka, akawaambia wote watatu waoge baharini na wanyamaze.

Wakavuka Mafia, wakaelekea Kilwa. Njia ilikuwa mbili: ya nje, ndefu na wazi, na ya ndani, fupi, inayopita baina ya visiwa vidogo na mwamba mrefu unaopasua mawimbi. Bi Mwanakombo alitaka ya nje. Saumu akasema ya ndani itawafikisha mapema, bahari imetulia, na yeye anayaona maji kama anavyoona kiganja chake. Bi Mwanakombo alifikiri kidogo. Zamani asingekubali. Lakini alijua kwamba macho yake hayamtoshi tena kubishana na macho ya mwingine, akageuza usukani.

Mchana, wakiwa katikati ya njia hiyo, upepo ulikata ghafla. Kisha wingu jeusi likaja nyuma yao likiburuta mvua, na upepo uliorudi haukuwa ule ulioondoka. Tanga kubwa lilipasuka toka juu hadi chini kwa sauti kama ya kanga mpya inayochanwa. Bi Mwanakombo akawasha mashine. Ilishika, ikasogeza chombo kidogo, ikakohoa, ikazima. Kipande cha wavu wa papa kilichokuwa kikielea baharini kilikuwa kimejizungusha kwenye propela. Na upepo ulikuwa unawasukuma moja kwa moja kwenye mwamba.

Bi Mwanakombo hakuuona mwamba huo. Aliusikia. Ulikuwa unanguruma upande wake wa kulia, katika ile sehemu ya dunia ambayo macho yake yalikwisha kuifuta, na kila alipogeuza kichwa mvua ilimpiga usoni. Aliamuru nanga itupwe. Mbwana akaitupa. Nanga ikashika, chombo kikaruka kama ng'ombe aliyevutwa kamba, na chuma cha kufungia kamba, ambacho kutu ilikila kwa chini, kikang'oka na kutumbukia baharini. Kamba ikaanza kukimbia.

Hapo ndipo kila mmoja alipofanya alichofanya. Sikilizeni vizuri, kwa sababu mtaulizwa.

Dastani ndiye aliyekuwa karibu na kamba. Bi Mwanakombo alimpigia kelele aizungushe kwenye mlingoti na aishike. Aliizungusha mara kadhaa, akakaa chini, akabana miguu, akashika. Kuifunga kabisa haikuwezekana: kila wimbi lilipokuja, kamba iliyokazwa ingeing'oa nanga. Kuilegeza kupita kiasi nako kungekirudisha chombo mwambani. Basi alikaa pale akiachia kidogo wimbi likipanda na kurudisha likishuka, akiachia na kurudisha, kama mtu anayeonja mchuzi. Kamba ilimla ngozi ya viganja vyote viwili. Damu ilichanganyika na mvua ikatiririka mpaka nyuma, ikapita kwenye miguu ya Bi Mwanakombo, naye hakujua ni nini. Dastani hakuachia.

Mbwana alikuja nyuma na kisu cha mkate. Bi Mwanakombo alimwona mbele ya bomba lake la macho, akivua nguo.

"Usishuke," alimwambia. "Chombo kinaruka. Kitakuponda kichwa."

Mbwana alimtazama, akatia kisu mdomoni, akashuka. Huko chini povu lilikuwa jeupe hata asingeona kitu, naye alifumba macho kama desturi yake, akatafuta kwa vidole. Alikata kipande, akapanda kuvuta pumzi, akashuka tena. Safari moja sehemu ya nyuma ya chombo ilimshukia begani ikampasua. Bi Mwanakombo aliusikia mgongano huo kwa miguu yake. Akangoja. Ulikuwa mngojo mrefu kuliko wote aliowahi kungoja baharini, na alikuwa amekwisha kuanza kumtayarishia maneno mama yake Mbwana, mkono uliposhika ngazi. Mbwana alijitupa ndani na fungu la wavu kifuani. Mashine ikawaka.

Kuwaka peke yake hakukutosha. Kurudi walikotoka, dhidi ya upepo ule, mashine ndogo vile isingeweza. Ilibidi wapite mwambani penyewe, kama kulikuwa na pa kupita. Na Saumu alikuwa amekwisha kupanda mlingoti, hakuna aliyemtuma. Alikuwa ameukumbatia kwa mikono na miguu, na huko juu mlingoti ulikuwa ukimyumbisha huku na huku mpaka mara anakuwa juu ya maji ya kushoto, mara ya kulia. Aliutazama mwamba wote, mweupe toka mwanzo hadi mwisho. Kisha, kati ya mvua, akaona sehemu ambayo weupe wake ulikuwa tofauti kidogo, na nyuma yake mstari wa buluu mwembamba. Akapaza sauti: kata kamba, kulia, kulia zaidi, hapo hapo. Mbwana aliikata kamba, na Bi Mwanakombo akaendesha kwa sauti hiyo tu. Mwamba ulipita pande zote mbili karibu sana hata aliunusa. Kisha kelele ikawa nyuma yao, na maji yakalala.

Dastani alibaki ameshika kamba iliyokwisha kukatwa, ikabidi Mbwana amfumbue vidole kimoja kimoja. Saumu alishindwa kushuka, wakampandia na kumteremsha. Bi Mwanakombo aliweka nanga ndogo ya akiba, akaingia jikoni mwenyewe, akapika uji usio na sukari kwa sababu hakuiona ilipo, na wote wakaunywa wakausifu.

Kilwa walikaa siku kadhaa. Muuguzi alimfunga Dastani viganja, akamwambia vitapona lakini vidole viwili huenda visikunjike tena kama zamani. Mbwana alishonwa bega. Saumu hakuwa na jeraha lolote ila sauti, ambayo ilikauka, akawa anaongea kwa kunong'ona. Wavuvi wakawauzia tanga kuukuu, Mbwana akalikata na kulishona lienee.

Kutoka Kilwa kwenda Mikindani, bahari ikiwa shwari, Bi Mwanakombo alimwita kila mmoja kwa wakati wake akae naye usukanini, akamuuliza swali moja: ungekuwa mimi, ungempa nani?

Saumu alijibu kwa mnong'ono. "Mpe Mbwana, shangazi. Mimi ndiye niliyewapeleka kwenye njia ile."

"Na ndiye uliyetutoa."

"Nilitoa nilichokiingiza. Hakuna shukrani hapo."

Bi Mwanakombo alijua kwamba Saumu alikitaka chombo. Alikuwa akimweleza miaka yote jinsi ambavyo angewachukua wasichana wa shule yake baharini, kwa kuwa wanaishi ufukweni na hawajui kuogelea. Sasa hakuyataja hayo hata kwa neno moja. Pia alijua kwamba njia ile Saumu aliipendekeza tu. Aliyegeuza usukani ni yeye.

Dastani alikuja na viganja vyake vilivyofungwa vitambaa, akiwa ametoka kumsimamia Mbwana asonge ugali.

"Mpe mwalimu," alisema. "Mimi kamba nilishika kwa sababu ulinipa, mama. Ungempa mtu mwingine angeishika. Lakini ile njia, nani mwingine angeiona?"

Bi Mwanakombo alijua kwamba mtu mwingine angeishika kamba ile kwa nguvu, na nguvu ingeikata. Alijua pia kwamba Dastani mpaka leo hajui kupandisha tanga, na kwamba watu wa Tanga wangesema ameiruka damu yake na ya mumewe akampa mpishi. Akamuuliza angefanya nini kama angepewa yeye. Dastani alicheka, akasema angejifunza. Kisha akasema, kwa sauti nyingine, kwamba hajawahi kukaa mahali akapaita pake.

Wa mwisho alikuwa Mbwana. Alisikiliza swali, akaangalia mashine, akajibu.

"Mimi, mama mkubwa. Sitakudanganya. Kila msumari wa chombo hiki naujua. Baba mkubwa alinifundisha kushika spana nikiwa nimekaa hapo ulipokaa. Hao wenzangu wakikikosa watasikitika. Mimi nikikikosa, sijui nitakwenda wapi."

"Nilikwambia usishuke."

"Ulisema."

"Na kama kingekuponda?"

"Usingekuwa na nafasi ya kuniambia. Na kama ningekutii, tusingekuwa hapa tunaongea."

Hilo lilimsumbua Bi Mwanakombo kuliko yote. Alikuwa nahodha maisha yake yote, na katika maisha hayo alishawaondoa watu kazini kwa kutosikia amri. Mbwana hakusikia amri, na kwa kutosikia kwake wakapona wanne. Tena yeye peke yake ndiye aliyesema wazi kwamba anakitaka. Hakuweza kuamua kama huo ulikuwa uroho au ukweli, na alipomtazama usoni kutafuta jibu, aliona pua na jicho moja tu.

Waliingia Mikindani asubuhi, wakatia nanga kwenye ghuba. Dastani alielekeza chai, Mbwana akaipika, Saumu akaimimina. Walikaa wanne juu, vikombe mikononi, hakuna aliyekunywa. Bi Mwanakombo alichomoa ufunguo wa mashine, akaushika kiganjani. Ulikuwa mmoja, na chombo kilikuwa kimoja, na watu mbele yake walikuwa watatu. Aliweza kuwaona mmoja mmoja tu, kwa hiyo akawa anageuza kichwa polepole: aliyeshika kamba, aliyekata wavu, aliyeona njia.

Angalieni mambo yalivyo. Bila Dastani, chombo kingefika mwambani Mbwana akiwa bado chini yake. Bila Mbwana, Dastani angeshika mpaka mifupa, na mwisho angeachia. Bila Saumu, mashine ingewaka ikawapeleka kufa kwa haraka zaidi. Mmoja aliwatia hatarini kisha akawatoa. Mmoja alivunja amri akawaokoa. Mmoja alitii amri, akaumia viganja, na hakuna hata mwenzake mmoja aliyemtaja.

Msiniambie wagawane, hilo Bi Mwanakombo alikwisha kulikataa. Msiniambie wapige kura, walikwisha kupiga, na mmoja alijipigia mwenyewe. Mkono wa mama uko hewani na ufunguo umo ndani yake.

Wewe uliyekaa hapo mbele, na wewe uliyejificha nyuma ya mwenzio: ungeuweka ufunguo huo kwenye kiganja cha nani, na wale wawili waliobaki ungewaambia nini?